Nilimsingizia Mpeleka Barua

Mpendwa Shangazi wa gazetini, nisaidie kabla ya Jumatatu, maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na simu yake nusu ya wiki haipatikani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na naishi na mama mkwe wangu mwaka wa tatu sasa, macho yake yamekwenda, anaona mwanga na vivuli tu, lakini tamthilia anazipenda kuliko chakula, na hizi za nje zote zina maandishi chini ya skrini, kwa hiyo mimi huku nakanyaga cherehani huku namsomea, tulianza na ya Kikorea ya daktari aliyepoteza kumbukumbu akawa anamtibu mumewe bila kumjua, tukahamia kwenye ya Kituruki ya ndugu wawili wanaogombea kiwanda cha vitambaa na msichana mmoja, hiyo niliipenda kwa sababu ya magauni, halafu ikaja ya nchi za barafu, mpelelezi mwanamke anamtafuta aliyemuua mwalimu wa kwaya, na hapo ndipo nilipoharibu.

Maana muuaji alikuwa mama mkwe wa huyo mwalimu. Sasa Shangazi, ningemsomeaje mama wa watu, amekaa pembeni yangu ananikunjia vitambaa kwa kupapasa, kwamba mama mkwe ndiye aliyemtilia mkwewe sumu kwenye kahawa? Nikamsingizia mpeleka barua. Mama akamchukia huyo mpeleka barua mpaka leo, akisikia kengele ya baiskeli njiani ananiambia, "Mwangalie mikono huyo."

Uwongo ulipopita salama, ulimi ukazoea. Miezi mitatu iliyopita mimba yangu iliharibika, ilikuwa ya wiki kumi na moja, mama hakuwa anaijua, na mume wangu akasema kwenye simu tusimwambie, tusimvunje moyo, amemngoja mjukuu muda mrefu mno. Basi nilimuaga nakwenda kununua nyuzi, nikaenda hospitali, nikarudi jioni nikakaa kwenye cherehani kama kawaida. Msimu wa pili ulikuwa umeanza, mpelelezi amesimama peke yake kwenye barafu anamwita mbwa wake, na mdomo wangu ukasema mpelelezi amepoteza mimba, anaogopa kumwambia mama wa mumewe asije akamwona si mwanamke kamili, anaona aibu hata kulia, nikasema na mengine mengi, mpaka tangazo la sabuni likaingia mimi bado "nasoma".

Mama akaendelea kukunja vitambaa. Kesho yake aliamka kabla yangu, akapika uji kwa kupapasa, akaniletea kitandani, sijui ilikuwaje maana hata sikumwambia naumwa. Tangu hapo hataki nibebe ndoo ya maji, anasema mgongo wa fundi ni mali. Na yale maneno yake ya "lini nitampakata mjukuu" ameyasahau kabisa, ndiyo uzee huo.

Sasa redioni wametangaza kwamba kuanzia Jumatatu tamthilia hiyo inarudiwa tangu mwanzo, kwa sauti za Kiswahili. Mama amefurahi, ananiambia, "Sasa utapumzisha koo, mwanangu, nitasikiliza mwenyewe." Shangazi, yule mpelelezi hana mume wala hakuwahi kuwa na mimba, ana mbwa tu. Mama atajua mpeleka barua hana kosa, atajua mama mkwe ndiye aliyeua, na atauliza ile mimba ilikuwa ya nani. Ndiyo kwanza tumeanza kupendana. Nimeshaushika mkasi mara mbili nikate waya wa televisheni. Nifanyeje?

Mkwe mwongo

*

Mkwe mwongo,

Kwanza weka mkasi chini. Waya haujakukosea kitu.

Pole, mwanangu. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sijaona aliyekupa. Ulibeba msiba ukaurudisha nyumbani kama mtu aliyetoka dukani, na hilo ni zito kwa yeyote. Mumeo alidhani anamlinda mama yake, akakuacha wewe bila wa kukulinda. Yeye nitamgombeza akileta barua yake.

Sasa zamu yako. Unasoma herufi ndogo za chini ya skrini huku mguu uko kwenye cherehani, lakini barua uliyoiandika mwenyewe hujaisoma. Isome. Mpelelezi alipoteza mimba jioni, asubuhi uji ukaja kitandani kwako. Ndoo umenyang'anywa wewe. Maneno ya mjukuu yamekatika siku hiyo hiyo, nawe unausingizia uzee kama ulivyomsingizia mpeleka barua. Mama macho ndiyo hana, masikio anayo. Alisikia umekwenda kununua nyuzi ukakaa kutwa. Alisikia cherehani imesimama, sauti inakatika, na mtu anasoma maandishi katikati ya tangazo la sabuni. Amezaa, amelea, utamficha nini? Anajua, na amenyamaza ili usione aibu, akingoja umwambie mwenyewe.

Kwa hiyo usiingoje Jumatatu. Mpigie mumeo, umwambie umeamua, humwombi ruhusa. Jumapili mchana funika cherehani, zima televisheni, kaa chini karibu na mama. Anza na mpeleka barua, hilo litamchekesha. Kicheko kikipita, mwambie lile jingine, na useme "mimi", usiseme "mpelelezi".

Akilia, usikimbilie kuomba msamaha, na usimnyamazishe. Ulimpotezea mjukuu barafuni huko, akashindwa hata kuuliza, akakaa miezi mitatu anakunja vitambaa vyako na msiba wake moyoni. Hana aliyempa pole yeye naye.

Jumatatu amka kabla yake. Uji upike wewe.