Soketi Niliyoilaza Mwenyewe

Nyumba ya geti la bluu,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Nimemkosea mwanao. Naliandika hilo kwanza kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazizungusha mpaka karatasi iishe, halafu nitasema nafasi haikutosha.

Sasa salamu. Hujambo wewe? Goti linakuruhusu kupanda ngazi, au bado unazisimamia moja moja? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima. Wifi yako amenenepa na hataki kuambiwa. Mimi meno mawili yameniaga, ila kucheka nacheka vilevile.

Turudi kwa mwanao. Unajua mimi ni karani wa mapokezi hapa zahanati, wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta yetu, ile kubwa ya mezani yenye mafaili ya wagonjwa wote. Manesi wanamwita Bisibisi, maana hutembea na bisibisi kaichomeka kwenye nywele.

Mwezi uliopita kompyuta ikaanza kudai apdeti ya usalama, ile ya kuziba matundu wezi wa mitandaoni wasije wakaingia. Makao makuu wakamwandikia Daktari: isipowekwa kabla mwezi haujaisha, tunakatwa kwenye mtandao, turudi kuandika kwa mkono. Bisibisi akaja, akasema kazi ni ya saa mbili hivi, na mchana watu wamejaa, basi ataiacha ijifanye yenyewe tukishafunga. Akaniambia, "Mjomba, usiizime." Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika USIZIME KOMPYUTA, nikabandika ukutani. Kwa mkono wangu huu.

Asubuhi nikaikuta inasema imeshindikana, inarudisha mabadiliko. Siku ya pili hivyo hivyo. Mwanao akafuta mafaili ya zamani ipate nafasi. Ikagoma. Akabadilisha waya wa mtandao. Ikagoma. Akaileta apdeti kwenye flashi, akaifungua kompyuta tumbo, akapuliza vumbi. Kila siku ananiuliza kama niliizima, na mimi naapa kwamba kitufe chake sijakigusa. Na kweli sikukigusa.

Siku moja akaniwekea karatasi mezani. Alikuwa ameichimba kompyuta mpaka ikamtajia saa inapokatikia. Jumatatu, saa kumi na moja na dakika nne. Jumanne, na dakika sita. Jumatano, na dakika tano. "Mjomba, saa hizo hapa kunakuwa na nini?"

Dada, pale pale nikajua: ndiyo saa yangu ya kufunga. Unaikumbuka ile pasi iliyounguza meza tukiwa wadogo, mama akakata shauri kwamba mtu hatoki nyumbani mpaka aguse kila soketi ya ukutani, aizime, na aseme "imelala"? Wewe ndiye uliyekuwa unanirudisha kutoka getini nikiruka moja. Basi mimi mpaka leo nafanya, na sijijui. Ni kama mtu anavyojikuna. Saa ya kufunga mkono unapita wenyewe: feni imelala, birika imelala, kompyuta imelala. Asubuhi naziamsha. Hilo bango langu jekundu nililibandika juu ya soketi yenyewe! Namshukuru Mungu friji ya chanjo iko chumba cha manesi nisikofika, la sivyo barua hii ningekuandikia kutoka mahabusu.

Sasa ningecheka tu nikasema ni mimi, yangeisha. Sikusema. Nilimwambia umeme wa mtaa huu haueleweki. Akanitazama kidogo, akaikunja karatasi yake.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi Daktari akauliza tatizo liko wapi. Niliona aibu, Dada. Mimi ndiye ninayewasema manesi kila siku kwa bomba wanaloacha wazi. Nikasema, "Ni mpwa wangu, lakini tuseme ukweli, kazi imemzidi." Nikalitumia hilo neno, ukweli. Kumbe amesimama mlangoni na mkoba wake. Akasema, "Sawa, Mjomba," akaondoka. Kazi akanyang'anywa, na kompyuta za zile zahanati mbili nyingine alizokuwa ameshaahidiwa zikaenda pamoja nayo.

Akaletwa fundi mwingine, bwana mwenye tai. Siku hiyo nikafunga bila kugusa soketi. Nilifika getini mkono unaniwasha, nikautia mfukoni. Asubuhi apdeti imeingia. Watu wakampigia makofi bwana wa tai, na mimi nikapiga.

Wiki mbili wifi yako ananiuliza nimemeza nini. Jana nikajikokota mpaka karakana ya Bisibisi. Alikuwa anachomelea redio. Nikamweleza yote nimesimama. Akacheka mpaka akakiweka chini kile chuma cha moto asije akajiunguza.

"Mjomba, nilijua tangu siku ya karatasi. Mama naye hulaza soketi! Si alishamlazia Baba mashine ya kunyolea, kidevu kimenyolewa nusu?"

"Sasa mbona hukumwambia Daktari?"

"Nimwambieje? Kwamba mjomba wangu anaongea na soketi?" Kisha akaacha kucheka. "Nilikuwa nangoja useme wewe."

Hakukwambia hata wewe, najua, asije akanichafua kwako. Umelea mtu, Dada. Wakati naondoka alinipa kipande cha utepe alichokiandika HII HAILALI, niende nikabandike kwenye soketi ya kompyuta. Nimerudi nyumbani mwepesi, nikala sahani mbili.

Nisalimie sana shemeji, na umwambie asikuache karibu na mashine yake kabla hajamaliza. Msalimie shangazi hapo jirani yenu, na kitindamimba wako aliyeanza kazi. Wifi yako anasema kitambaa ulichoomba ameshakipata, anasubiri mtu wa kumpa. Mungu awatunzie afya, na nyumba yenu iwe na amani hata soketi zikiwa macho.

Ijumaa hii, tarehe 14, saa mbili asubuhi, kwenye kikao, nitasimama mbele ya Daktari, manesi wote na bwana wa tai. Nitasema aliyekuwa anaikatia kompyuta umeme ni mimi, kwamba nilijua na nikanyamaza, na kwamba mpwa wangu hakukosea popote. Kisha nitamwomba Daktari amrudishie kazi yake pamoja na zile zahanati mbili. Akikataa, nitakuwa nimesema. Bisibisi nimemwomba aje asimame palepale mlangoni aliposimama siku ile. Huenda barua hii ikakufikia Ijumaa imeshapita. Basi mpigie simu, umuulize yeye, usiniulize mimi.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na makosa yake,

Wa mapokezi.