Sahani ya Mama Huko Mikinduri

Karurumo, Jumanne

Nyanya mpendwa,

Mbuzi wetu amezaa mapacha na sisi tumefunga shule. Haya mengine naandika kwa sababu mbele yako sauti huniisha.

Ule mukimo wako wa viazi na mahindi ya kupondwa, uliomsifu Mama siku ya Pasaka kwa kuumaliza, niliumaliza mimi wewe ulipokuwa jikoni. Kabla ya Pasaka, Mama hakuenda Nairobi kwa semina ya kanisa kama tulivyokwambia. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ili uzito ushuke, kwa ajili ya sukari na magoti. Daktari alituambia mapema kwamba atakuwa akila vijiko vichache polepole, na vitamini atameza maisha yake yote.

“Nikimrudishia mama mkwe chakula, atasema namdharau,” Mama alisema, akanikataza kukwambia.

Mwezi uliopita tulipokutembelea, nilipoenda kuteka maji, ulimwongeza chakula na akala kwa heshima. Njiani tukirudi nyumbani alitapika mpaka akalia.

Krismasi tunakuja tena huko kwako Mikinduri. Tafadhali mpakulie kwenye kisahani cha kikombe cha chai, na usimuulize kitu. Ile sahani kubwa unipe mimi, niile mezani bila kujificha.

Mjukuu na wajina wako,
Mukiri