Pikipiki Yako Haiuzwi

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko hata ubishi wako. U hali gani huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili simu hailiwezi. Nikikupigia tu, mama anavuta kigoda mpaka ubavuni mwangu, na haya sitaki ayasikie. Mwezi uliopita uliuliza kama tufunge alamu kwenye pikipiki yako, au tuiuze kabisa kabla wezi hawajatuwahi. Ngoja nikueleze, na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatiza.

Ni kweli wezi wamechachamaa. Jirani yetu, yule fundi wa kuchomelea, aliegesha ya kwake mbele ya duka la dawa mchana kweupe, akaingia kununua dawa ya macho. Alipotoka alikuta doa la oili tu. Maskini, siku hizi anasukuma mageti kwa mkokoteni. Nikamwambia shemeji yako, tahadhari kabla ya hatari. Bila pikipiki yako uliyotuachia hawezi kusambaza mikate, na cherehani yangu peke yake haitoshi kutulisha.

Yeye hakutaka. Alisema, "Kelele hazimzuii mwizi, zinamharakisha tu." Unamjua akishika lake. Lakini na mimi unanijua, nilimwandama mpaka akasalimu amri.

Fundi pikipiki akaifunga alamu chini ya kiti, akaifanya kali kupita kiasi. Paka akipita, inalia. Lori likipita, inalia. Majirani wakaibandika jina, Usiniguse. Tukamwita fundi tena, akaipunguza makali, mtaa mzima ukapumua.

Ila ikabaki kulia mara moja, kila asubuhi kabla ya chai. Shemeji yako anatoka mbio na kiatu mkononi, anakuta hakuna mtu. Ni mama tu, kule mwisho wa ua, anafagia zake kwa utulivu. Fundi akaapa kwamba alamu ni nzima na kuna mkono unaoigusa pikipiki. Hapo shemeji yako akakosa raha kabisa. Akaamini kuna mwizi anatupima, akaanza kusema labda wewe una haki, bora iuzwe.

Basi nikaamka mapema nikajibanza nyuma ya pazia. Akaja mama na ufagio wake. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafuta umande kwenye kiti kwa upindo wa nguo yake, akaweka kiganja pale ulipokuwa ukikaa, akasema taratibu, "Umeamkaje, baba?"

Usiniguse ikapiga ukelele. Mbishi, mama yetu mwenye magoti mabovu alitimua mbio! Alifika mwisho wa ua kabla sijafunga mdomo, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, sikufichi. Kumbe tangu uondoke anakujulia hali kila siku, na sisi tunaoishi naye nyumba moja hatukujua.

Nilipomweleza shemeji yako, hakuweza kuvumilia. "Mama, kumbe mwizi wetu ni wewe?"

Mama akamkazia macho. "Kwani mtu hawezi kumwamkia mwanawe mpaka apigiwe makelele?" Kisha akatuonya tusikwambie, usije ukakosa usingizi huko uliko. Nami ndiyo hivyo nimekwambia.

Shemeji yako alichomoa rimoti ya alamu kwenye ufunguo wake, ile moja iliyobaki, maana nyingine niliifua ndani ya suruali yake na usiniulize zaidi. Akaomba uzi wangu mnene, akaifunga, akamvika mama shingoni, akamfundisha pa kubonyeza. Sasa mama anazima, anakusalimia kwa nafasi, anawasha tena. Shemeji yako akitaka kwenda kwenye mikate anaiomba rimoti kwa mikono miwili, na akirudi anadaiwa kabla hajavua viatu. Anajifanya kulalamika, lakini namwona anavyotabasamu.

Kwa hiyo alamu inabaki, na habari ya kuuza naomba ife. Wezi wa mtaani tutapambana nao. Wewe tu usije ukamwibia mama.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema breki ya nyuma amekwisha kuibadilisha. Fundi wa kuchomelea naye anakusalimu, na anauliza alamu kama hii inapatikana wapi, ingawa hana tena pa kuifunga. Mama hakutuma salamu. Nilipomwuliza, alishika rimoti yake akasema hana haja, wewe amekwisha kukusalimia asubuhi.

Mungu akulinde, akufungulie njia, siku moja uamkie hapa umjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukibisha,

Dada wa Cherehani