Mto Uliosingiziwa

Mjukuu wangu Neema,

Nakuomba, barua hii usimsomee mtu, hata mama yako. Kwa ukoo mimi ni babu yako, ingawa tulisoma darasa moja, basi kwa hili nitii. Huku shangazi amejifungua salama.

Umeuliza kwa nini baba yako bado analala kwa zamu gerezani kwa msongamano wa wafungwa, na jengo jipya la gereza halina paa. Mkandarasi anasema mto umepungua, meli ya saruji imekwama, basi alipwe fedha za kusubiri. Mkuu wangu hapa ofisi ya ujenzi alitaka nisaini kuthibitisha. Kabla ya kusaini nilivuka mto kwenda Lubunga kwa mtumbwi, viatu mkononi kwa kuwa maji yalikuwa yamefunika kivuko, nikamwuliza mpiga kasia kama ni kweli.

Akacheka. "Maji iko chini? Alors, basi, papa, viatu ulivua ya nini?"

Sijasaini. Tangu siku hiyo mkuu ananisalimia kwa upole mno, na mlinzi wa ofisi ameniuliza ninalala wapi. Nashuku kuna watu wanaoshiba kila jengo linapochelewa.

Usipige simu, usije ofisini. Ukija kutoka Isangi, Jumapili baada ya misa ya kwanza, simama kwa wauza samaki wa Lubunga, nikueleze yaliyobaki. Ukiwa na mtu, hata kaka yako, nitapita kama sikujui.