Orpa Alitaja Jina Lako

Likasi, tarehe 19 Novemba 1995

Mpendwa mwanangu Augustin,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa mkeo Georgette. Je, mu wazima? Mnapata chakula? Na lile goti lako lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi, limetulia au bado linakutesa? Sisi huku tunapumua. Siku hizi mtu wa Likasi akikwambia anapumua, usimwulize zaidi, amekwisha kujibu.

Ni mimi Mama Henriette, mjane wa mjomba wako Casimir. Najitaja kwa sababu ni zaidi ya miaka miwili tangu treni iwachukue, na wazee tunasahaulika upesi. Barua hii anakuletea Alphonse, yule anayepeleka chumvi huko Mwene-Ditu na kurudi na mahindi. Ningeipeleka posta ungeisoma mbinguni.

Kwanza pole, baba. Alphonse ametuambia kwamba mtoto Jenny hakufika, kwamba mlimzika kando ya reli na treni ikapiga honi kabla hamjamaliza kusali. Mimi ndiye niliyemwogesha siku alipozaliwa. Nimelia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa, na nilipowaambia walikaa nami. Padri amemtaja kwenye misa ya Jumapili. Mwambie Georgette kwamba huku jina la mtoto wake limesomwa mbele ya watu.

Mji wenyewe, sijui nikuambie nini. Huko Shituru wanaume bado wanakwenda kwenye kiwanda cha shaba asubuhi, lakini wanakwenda kwa mazoea, kama kuku anayerudi kwenye kiota kilichokwisha kuvunjwa. Nyaya za umeme wa bwawa la Koni zinapita juu ya bati langu kwenda kwa wenye bahati, nami nakuandikia mchana kwa sababu mafuta ya kibatari yamekwisha. Tuyaache hayo. Nataka kukuambia habari za mdogo wako Orpa.

Najua mliachana vibaya. Siku ile ya kufukuzwa kwenu, watu wa Kasai, pale stesheni, ulimwambia apande nanyi au asikuite kaka tena. Yeye mume wake Hervé ni wa huku, watoto ni wa Hervé, angepandaje? Alibaki. Ulimwona amechagua watu waliowatukana. Mimi nilimwona mama aliyeshika watoto watatu kwa mikono miwili.

Basi yule Hervé aliyechaguliwa, kazi ilipokwisha alikwenda Kambove kuchimba mawe kwa mikono, akapata huko mwanamke mwingine, hata salamu haleti. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyeandikwa ni mume. Orpa aliwekewa vyombo nje mvua ikinyesha.

Bahati ilikuwa kwamba sisi akina mama wa parokia tulikuwa tumefungua nyumba ya wanawake na watoto wasio na pa kulala, katika ghala la zamani la magunia ng'ambo ya reli. Na nisiwe mchoyo wa ukweli, komine, yaani serikali ya mtaa, ilitusaidia. Jengo ilitoa yenyewe, ikaleta magodoro, unga wa kila juma, na mlinzi mwenye filimbi ambaye analala kuliko watoto. Mimi ndiye mpishi. Orpa alipata godoro kwenye kona isiyovuja, akaanza kucheka tena kidogo. Nilimshukuru Mungu na nikaishukuru serikali, jambo ambalo mjomba wako angenicheka mpaka akohoe.

Halafu unga ukapungua, wanawake wakaongezeka. Akaja Bwana Germain wa komine, mtu mpole, kiatu chake kimoja kimefungwa kwa waya. Akasema kuanzia sasa msaada ni kwa asiye na mtu kabisa. Mwenye ndugu aende kwa ndugu yake. Sikuweza kumchukia. Ukiwa na mkate mmoja na vinywa mia, hata ukigawa vizuri utatukanwa.

Aliposema atarudi kuwahoji mmoja mmoja, niliwakusanya wanawake kwenye masufuria nikawafundisha: semeni hamna mtu, basi, msiongeze neno. Wakajifunza upesi kuliko katekisimu. Siku yenyewe wakapita mbele ya meza yake, kila mmoja na lake lilelile: "Shiko na muntu." Mmoja alilisema mama yake mzazi akiwa hapo nje ya lango anauza karanga, naye mama akainamisha kichwa, akaendelea kupanga mafungu yake.

Ikafika zamu ya Orpa. Bwana Germain akamwuliza kama wengine. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi.

"Niko na kaka," akasema. "Jina yake Augustin Mukendi. Eko mu Mwene-Ditu."

"Anakuandikiaka?"

"Ataandika."

Bwana Germain aliweka kalamu chini akamtazama, nadhani alikuwa anampa nafasi ya kubadili. Hakubadili. Akawarudia watoto wake akawafunga vitambaa kichwani, maana alijua linalofuata ni kutolewa nje.

Nilimvuta jikoni nikamsema vibaya, Augustin, sikufichi. Nilimwita mjinga. Nilimwambia kaka gani, kaka wa wapi, kaka ambaye hatujui hata kama alifika. Akanijibu polepole, macho yake kwenye moto: "Njo vile, mama. Hatuyue kama eko muzima. Nikisema haiko, ni miye namuzika."

Wewe unajua desturi yetu kuliko mimi: wa kwetu aliye mbali hatumsemi hayupo. Wale wanawake wengine walijua ndugu zao wako wapi, waliweza kuwakana mchana na kuwatembelea jioni. Yeye alikuwa hajui. Neno lile kinywani mwake lingekuwa jembe la kuchimba kaburi lako.

Sasa analala jikoni kwangu na watoto. Unalijua jiko langu, ukuta upande mmoja na mlango hakuna. Ndani ya chumba tumejaa mimi na wajukuu mpaka wengine wanalala wameketi. Mvua zimeanza. Chérie, wa mwisho wake, anakohoa kikohozi kikavu ambacho sikipendi hata kidogo, na mwenye nyumba amesema hataki kuona watu jikoni baada ya Noeli. Naogopa, mwanangu. Nimeona watoto wengi mwaka huu walioanza kwa kikohozi cha namna ile.

Ndipo akafika Alphonse na mahindi yake. Akaniambia amekuona! Kwamba unatengeneza baiskeli karibu na soko, kwamba umekonda lakini u mzima. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi. Nikamwuliza, alisema nini? Alituulizia? Alphonse akaanza kuhesabu magunia yake. Nikamshika shati. Akasema alikuuliza kama una salamu kwa watu wa Likasi, na wewe ukamjibu huku unajaza gurudumu upepo:

"Likasi? Kule shiko tena na muntu."

Neno lilelile, Augustin. Lile nililowafundisha wanawake mimi mwenyewe, lile mdogo wako alilokataa kulisema hata kwa kulipwa godoro.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka kaburi kando ya reli, hasira ikakosa pa kukaa. Mtu aliyemwacha mtoto wake porini ana haki ya kufunga mlango. Ila aliye nje ya mlango huo ni Orpa, na siye aliyewafukuza.

Nilikwenda kwa Bwana Germain kumbembeleza. Akasema iko njia moja: akitokea shahidi aseme kwamba huyo kaka amemkana, basi Orpa atahesabiwa hana mtu, atarudishiwa godoro na unga. Lakini shahidi lazima aseme mbele ya Orpa mwenyewe, asikie. Shahidi ninaye, ndiye aliyekupa barua hii. Ana huruma, atakubali.

Sikia basi nilivyokata shauri. Alphonse atarudi kabla ya Noeli. Akija mikono mitupu, nitampeleka komine, naye atayasema maneno yako mbele ya mdogo wako, na Chérie atalala pakavu. Akija na neno lako, hata mstari mmoja wenye jina lako, godoro limekwenda moja kwa moja, kwa sababu kwa komine mwenye kaka si maskini. Itabidi basi uwachukue, au utafute namna nyingine nawe. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, nami najua ombi langu si jepesi. Najua huko nako njaa ipo.

Ungeniuliza mimi mpishi, ningesema chagua godoro. Lakini nimemwona akitaja jina lako. Mwandikie.

Wajukuu zangu wote wanakusalimu. Blaise, mkubwa wa Orpa, anauliza kama kwa mjomba kuna baiskeli ndogo. Msalimie sana Georgette, mwambie asinyamaze na uchungu wake. Mungu aliyewavusha asiwaache njiani, na Bikira Maria amfunike mtoto Jenny huko alikolala.

Orpa naye anakusalimu. Maneno ya Alphonse sikumwambia. Nilimwambia kwamba ulimtuma amsalimie. Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi ulisemaje hasa, nami kila asubuhi naongeza kidogo. Sasa hivi yuko hapa mlangoni na Chérie mgongoni, ananihimiza nimalize kwa sababu Alphonse anaondoka. Anasema nikuandikie hivi: salamu zako zimefika, asante, kaka.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,

Mama yako Henriette