Maelezo Kuhusu Mbwa Aliyefungwa Kitini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa kuwa shahidi hajafikisha miaka kumi na minane
Umri: Miaka kumi na sita
Kazi: Mwanafunzi wa sekondari
Makazi: Ghorofa ya pili, jengo linalotazamana na nyumba ya nesi mstaafu
Aliyefuatana naye: Mama yake mzazi

Afande ameniambia nianze kwa kueleza ninavyofahamiana na mbwa huyu. Hapo ndipo penye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na mama yangu ameketi hapa kando yangu, kwa hiyo nalisema mara moja nisije nikalimeza. Siendi kwenye kikundi cha mdahalo. Nilikwenda siku ya kwanza. Zamu yangu ilipofika nilisimama, maneno yakagoma kutoka, nikaketi. Tangu hapo, kila baada ya masomo, huingia uani kwa nesi mstaafu, nikakaa mbele ya mbwa anayeitwa Mheshimiwa, nikamsomea kitabu kwa sauti. Mbele yake sauti yangu hutoka.

Mama ameomba aseme neno, na afande amekubali liandikwe. Amesema: "Sketi yako ina manyoya tangu muhula uliopita. Nilidhani huko kwenye mdahalo wanafuga paka."

Naendelea.

Nesi mstaafu tunamwita Shangazi, ingawa si ndugu yetu wa damu. Alipoacha kuhudumia watu hospitalini alianza kuhudumia mbwa. Huwachukua wale wanaoachwa kwa sababu ya maradhi. Kwa sasa anao watatu: mmoja kipofu, mmoja ana kisukari na huchomwa sindano asubuhi na jioni, na Mheshimiwa. Huwatibu, huwazoesha, halafu huwatafutia watu wa kukaa nao moja kwa moja. Husema kutibu ndiyo sehemu rahisi. "Kila mtu anataka mbwa," aliwahi kuniambia. "Ukishataja dawa tu, wanakumbuka kwamba wana mzio."

Ugonjwa wa Mheshimiwa uko kwenye umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kinywani kwenda tumboni. Umio wake umelegea kama soksi iliyokwisha mpira, hausukumi kitu. Akila ameinamia bakuli kama mbwa wengine, chakula hubaki njiani, kisha hurudi, na kikipotea njia huingia kwenye mapafu. Ndiyo maana hula ameketi wima kwenye kiti cha mbao chenye kuta pembeni, mgongo umeegemea, mkanda kifuani asiteleze. Akimaliza hubaki hapo nusu saa ili chakula kishuke kwa uzito wake chenyewe. Hiyo nusu saa ndiyo ninayomsomea. Jina lake limetokana na kiti hicho. Akikaa humo anafanana na mtu anayesubiri kufungua mkutano.

Amewahi kuchukuliwa na familia mbili, na zote zimemrudisha. Ya kwanza walichoka kusubiri. Walisema, "Tulitaka mbwa, hatukutaka mgonjwa." Ya pili walimpenda sana, na hilo ndilo lililotaka kumuua. Bibi wa nyumba ile alimwonea huruma, akaona kumfunga kitini ni mateso, akawa anampa mkate kwa siri sakafuni. Mheshimiwa alirudi kwa Shangazi akiwa na nimonia. Alipopona, daktari wa mifugo aliagiza kwamba kabla ya mlo agongwegongwe mbavuni ili makohozi yaliyobaki yalegee.

Wa tatu kumtaka ni mwokaji wa mikate wa mtaani kwetu, tunayemwita Baba Mikate. Huoka alfajiri, na adhuhuri huwa yuko nyumbani. Shangazi alisema mtu mwenye saa kama hizo ni dhahabu kwa mbwa kama huyu. Lakini Shangazi hamtoi mbwa hivi hivi. Anayemtaka lazima amhudumie pale uani, mbele ya macho yake, mpaka mikono izoee. Siku ya mwisho humwacha afanye bila yeye. Akifaulu, mbwa huhama kesho yake.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, ambayo ilikuwa jana, niliingia uani kwa Shangazi saa kumi alasiri. Ilikuwa siku ya mwisho ya Baba Mikate. Shangazi alikuwa anatoka kumpeleka yule mbwa kipofu kwa daktari. Aliniambia, "Wewe kaa tu. Usimsaidie mpaka akuombe."

Mkanda wa kiti ulikuwa umefuliwa na bado ulikuwa mbichi kwenye kamba. Baba Mikate alitazama huku na huku, akavua aproni yake nyeupe, akamzungushia Mheshimiwa kifuani na kupiga fundo nyuma ya kiti. "Samahani, Mheshimiwa," alimwambia. "Leo unavaa nguo ya kazi."

Kisha akaanza kumgonga. Hapa naeleza vizuri kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Unakunja kiganja kama kikombe, unagonga mbavu upande huu, halafu upande ule. Inatoka sauti nene, kama mtu anakung'uta godoro, lakini haiumi. Shangazi aliwahi kunigonga mimi mgongoni ili nijue. Mheshimiwa hufumba macho akigongwa. Sasa viganja vya Baba Mikate ni vya kukanda unga miaka yote, kwa hiyo sauti ilivuka ukuta.

Nyumba ya jirani ina roshani inayotazama ua wa Shangazi. Mwezi huu amehamia hapo fundi wa simu. Alitoka, akaegemea chuma cha roshani, akauliza, "Wewe bwana, unampiga mnyama uliyemfunga?"

Baba Mikate ni mtu mwema, ila akikosewa hushikwa na haraka ya kueleza. Alijibu, "Simpigi, kaka. Nampiga kidogo tu. Ndiyo dawa yake."

Fundi akaingia ndani. Tulidhani ameelewa.

Baba Mikate alimlisha Mheshimiwa chakula kilichoviringwa kama vigololi, kimoja kimoja, akisubiri ameze. Alifanya vizuri kuliko hata mimi. Nikavuta kigoda nikafungua kitabu. Nilikuwa sijamaliza hata ukurasa geti lilipofunguliwa, akaingia fundi pamoja na konstebo. Kituo kiko mwisho wa barabara yetu, kwa hiyo hawakuchukua muda.

Konstebo aliuliza, "Nani mwenye mbwa huyu?"

"Bado si wangu," Baba Mikate akasema. "Atakuwa wangu kesho."

"Kwa hiyo umemfunga na kumpiga mbwa wa watu."

"Ndiyo. Hapana. Afande, nisikilize kwanza."

Konstebo akanigeukia. "Binti, wewe ulikuwepo. Umeona nini?"

Nilikuwa na kila kitu cha kumjibu. Sentensi ilikuwa tayari kichwani, hata na nukta zake. Haikutoka. Nilitazama viatu vya konstebo. Aliona kwamba naogopa, na kweli nilikuwa naogopa, ila yeye alidhani namwogopa Baba Mikate. Akamwambia waende kituoni akaeleze vizuri. Aproni ikafunguliwa na kuchukuliwa kama kielelezo.

Fundi akamtoa Mheshimiwa kitini kabla nusu saa haijafika popote. "Njoo, baba," alimwambia. "Yamekwisha." Akampeleka kwake juu. Mimi niliwafuata kwenye ngazi bila kuambiwa.

Chumba cha fundi kina meza iliyojaa simu zilizofunguliwa matumbo. Alimlaza Mheshimiwa juu ya mkeka, akachanganya mkate na maziwa kwenye bakuli, akaliweka sakafuni. Naomba ieleweke kwamba macho yake yalikuwa na machozi. Alisema, "Kula, mwanangu. Umeteseka vya kutosha." Mheshimiwa, ambaye hajawahi kukataa chakula maishani mwake, akainamisha kichwa.

Nikasema, "Asile chini."

Sauti ilitoka kubwa. Fundi aliruka, bisibisi ikaanguka kutoka mezani. "Kumbe unaongea," akasema.

Nilivuta bakuli, lakini Mheshimiwa alikuwa tayari ameramba, na kile alichokula kitini nacho kilikuwa hakijashuka. Akaanza kukohoa. Chakula kikarudi chote, povu likamtoka puani. Nilimnyanyua, nikaketi nimeegemea ukuta, nikamsimamisha wima kifuani kwangu, miguu yake ya mbele begani mwangu. Nilisikia moyo wake unavyokwenda. Huku nimemshika nikamweleza fundi yote, umio, kiti, nimonia, viganja, bila kupumzika mahali popote.

Fundi aliliinua bakuli, akaliweka mezani. "Kwa hiyo yule bwana alikuwa anamtibu."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemtoa kitini."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukumwambia konstebo?"

"Ilikuwa bado inakuja," nikasema.

Alinitazama, akaona si utani. "Basi isirudi ilikotoka. Mimi nambeba mbwa, wewe unabeba maneno. Twende."

Alimbeba wima begani kama mtoto mchanga anayecheulishwa. Mimi nilipita uani nikachukua kiti, nikajitwisha kichwani. Njiani mama muuza mboga aliuliza kama Mheshimiwa anahama na kiti chake. Hatukusimama kumjibu.

Pale kituoni Baba Mikate alikuwa benchini, unga kwenye nyusi, mikono katikati ya magoti. Afande sajini, huyu anayeandika maelezo haya, alikuwa kaunta. Aliuliza, "Hiki nacho ni nini?"

Niliweka kiti katikati ya sakafu. Nikamwambia fundi, "Mshushe."

Mheshimiwa alisimama, akakohoa mara moja, akakitazama kiti. Akakiendea. Akageuka, akaingia kinyumenyume, akaketi, akaegemea, akainua kidevu na kusubiri afungwe. Hakuna aliyemwita wala kumsukuma.

Afande sajini alisema, "Huyu anafungwa kwa hiari."

Hapo ndipo nilipozungumza. Nilisema yale yale niliyoyaeleza hapa juu, mbele ya askari, fundi, Baba Mikate na watu wawili waliokuja kwa shida zao. Sauti haikukatika. Mwisho nikaomba aproni.

"Hicho ni kielelezo," konstebo akasema.

"Najua, afande. Lakini anateleza."

Konstebo alitazama upande wa sajini, kisha akaileta na kuifunga mwenyewe. "Hivi?" akaniuliza.

"Legeza kidogo."

Akalegeza.

Shangazi alifika baadaye akiwa na daktari wa mifugo, kwa kuwa muuza mboga alimwambia msafara umeelekea wapi. Daktari alipiga magoti mbele ya kiti na kumsikiliza Mheshimiwa kifuani, kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Sijui ni muda gani ulipita. Akasema, "Mapafu ni safi. Hakuna kilichoingia." Nami nikaketi sakafuni pale pale nilipokuwa. Shangazi anasema nililia. Mimi nakumbuka kuketi tu.

Bado kulikuwa na jambo lililonisumbua. Familia ya kwanza hawakutaka mgonjwa, na huyu wa tatu tulikuwa tumempa mgonjwa pamoja na kesi. Nilimwuliza Baba Mikate kama bado anamtaka.

"Binti," alisema, "nimekamatwa kwa ajili yake. Nikimwacha sasa nitakuwa nimekamatwa bure."

Fundi alimwomba radhi, kichwa chini. Baba Mikate alimshika bega, akamwachia alama ya unga kwenye shati. "Ungeona mtu anampiga mbwa ukarudi ndani kulala, ndipo ningekuogopa. Ila siku nyingine, kaka, shuka kwanza uulize." Fundi akasema atashuka.

Kwa hiyo ninachotaka kiandikwe ni hiki. Baba Mikate hakumtesa mbwa. Fundi hakusema uongo, alisema alichokiona kutoka juu. Mimi niliyekuwa chini na kuona vizuri ndiye niliyechelewa kusema.

Tulipotoka kituoni Baba Mikate alisema hasubiri kesho. Tukaenda sote kwake. Nilimwonyesha mahali pa kuweka kiti, karibu na dirisha, mbali na joto la tanuri, na fundi akamsaidia kusogeza magunia ya unga. Wakati wa mlo wa jioni nilishika kiti kisitikisike huku Baba Mikate akilisha. Chakula kilishuka na hakikurudi. Mheshimiwa alipofunguliwa alizunguka chumba, akanusa kila kona, akachagua mahali mbele ya mlango, akalala, ikabidi tumvuke ili tutoke. Nikarudi nyumbani, nikala, nikafanya hesabu za leo.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni yangu, sina cha kuongeza wala cha kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Sahihi ya mzazi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, sajini wa zamu, kama yalivyotoka kinywani mwa shahidi mbele ya mama yake. Nilimwomba aongeze sauti mara moja tu, mwanzoni. Mlalamikaji ameondoa lalamiko lake kwa hiari. Kielelezo, aproni moja nyeupe, kimerudishwa kwa mwenyewe. Hakuna wa kushtakiwa. Jalada limefungwa.