Ubao wa Baba Ulioazimwa Msibani

Mtaa wa Murusi,
S.L.P. 47,
Kasulu.
18 Novemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nurudini,

Assalamu alaikum. Hujambo, na hali ya hapo Lindi? Wifi yangu Mwanahawa anaendeleaje na mgongo wake? Na Saady wetu, bado anakula kwa kubembelezwa, au ameshakuwa mtu mzima? Kila nikilitaja jina lake nakumbuka kwamba ulimpa la baba, pamoja na yote yaliyotokea, na moyo unanilegea.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua zimeanza kwa fujo, maharage yameota vizuri, na baridi ya asubuhi ni ileile ya kutoka na blanketi mabegani. Shemeji yako Hashimu amepona malaria, ila amebaki nayo kama kisingizio cha kutobeba ndoo. Duka langu la vitenge linasogea, hatulali njaa.

Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Simu nimeishika mara tatu, na mara zote tatu nimeikata kabla hujapokea. Jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia tu, nawe utabaki unaita haloo, haloo. Basi naomba ukae kitako kwanza. Umekaa? Haya.

Wiki mbili zilizopita mvua ya mchana iliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya baba. Ni ule wa chumba chako. Hakuna aliyeumia, mlikuwa na kuku wawili tu, wakatoka wananifokea mimi kana kwamba ndimi niliyeusukuma. Fundi akaja, akatazama, akaniuliza kama vifaa vya marehemu vipo, maana vyake viko kwenye kazi nyingine. Nikacheka. Vifaa vya Mzee Saady! Mbona ni stoo nzima, nikamwambia, wewe chagua tu.

Nikafungua stoo. Mwe! Ndugu yangu, mlikuwa na mwiko mmoja usio na mpini, na panya. Nilisimama pale mlangoni mdomo wazi mpaka fundi akaona haya kwa niaba yangu.

Nilijua kwamba vingine vimeazimwa. Sikujua kwamba vimeazimwa vyote.

Wewe unamkumbuka baba wa zamani, yule wa kandambili. Mtu akija kuazima nyundo lazima aache kandambili moja mlangoni, arudi kwake na mguu mmoja peku, na kandambili haipati mpaka nyundo irudi. Murusi yote ilikuwa inajua: ukimwona mwanamume anatembea kandambili moja, ana kifaa cha Mzee Saady. Hata mwalimu wa madrasa alipita hivyo, watoto wakamcheka. Na kifaa kilirudi siku ileile, tena kimeoshwa.

Huyo ndiye baba uliyemwacha. Baba aliyebaki na sisi alikuwa mwingine kabisa. Mtu akibisha hodi, kabla hajamaliza salamu, baba anasema, "Mpe, Swaumu. Usimuulize atarudisha lini." Kandambili hakuzitaka tena. Mimi niligomba mpaka sauti ikakauka, nikawa naandika majina ya waazimaji kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, naye anayafuta kwa kiganja. Nikasema ni uzee, kila mtu na wake.

Basi nikajifunga kitenge changu cha vita nikaanza kuzunguka. Nilianzia kwa Immakulata, jirani yetu wa chini. Pima maji ya baba nimeikuta ndiyo komeo la mlango wa jiko lake! Nikamuuliza, Immakulata, hiki ni nini? Akanijibu bila kupepesa macho kwamba ni kikomeo kizuri sana, alipewa na mzee, Mungu amrehemu. Ngazi ameikata miguu, imekuwa kichanja cha vyombo. Ameniandalia chai, nikainywa, huku natazama sufuria zimepangwa juu ya ngazi yetu.

Nikapanda gari mpaka Muyama kwa Anaclet, yule mfyatua matofali. Toroli lipo, limepinduliwa, kuku anatagia ndani. Gurudumu halipo. Nikauliza gurudumu liko wapi. Akasema aliliazima shemeji yake wa Munanila. Yaani mtu anaazima toroli halafu anaazimisha gurudumu! Nilishindwa hata kukasirika, nikacheka, naye akacheka, akanifungia mkungu wa ndizi nirudi nao. Nimetoka kudai toroli nimerudi na ndizi. Hashimu aliposikia alicheka mpaka malaria ikamtoka kweli.

Alhamisi iliyopita nikamalizia kwa Shamsi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, yule uliyecheza naye mpira, mtoto wa marehemu Bi Mwajabu. Nilikuwa nafuata sururu na sepetu. Jua limenichoma, miguu inaniuma, nikafika pale nimeshajaa. Nikamwambia ninyi ndio mliommaliza baba yangu, na mlianza zamani, na cha kwanza kabisa ni ule ubao wake wa kunyooshea ukuta, uliopotelea msibani kwenu.

Nilisema kwa hasira tu, Nurudini. Kwa sababu moyoni nilikuwa bado naamini kama tulivyoamini wote, kwamba ubao ule uliuuza wewe.

Shamsi aliweka chini mnyororo aliokuwa ameushika. Akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza, "Kwani dada Swaumu, mzee hakuwaambia?"

Nikamuuliza: Hakutuambia nini?

Siku ile unaijua kuliko mimi, lakini acha niipange kama Shamsi alivyonipangia, maana kuna vipande hata wewe hukuviona. Bi Mwajabu alifariki alfajiri. Baba alikuwa Kakonko anajenga, enzi zile Kakonko bado iko chini ya Kibondo. Wakaja watu wa msiba kutafuta vifaa vya kuchimbia kaburi, nawe ukawatolea vyote, na ubao ukiwemo, bila kandambili hata moja, maana msiba hauwekewi rehani. Kisha ukatumwa Kibondo kumchukua Safina, binti wa marehemu. Kwa hiyo kwenye maziko hukuwepo. Baba hakuwepo. Na mimi ni mwanamke, makaburini sisi hatuendi, nilikuwa nasonga ugali wa waombolezaji.

Mvua ikashuka wakiwa makaburini. Mwanandani, ule mtaro wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti, ikamomonyoka ubavu, ikawa pana kuliko ilivyopimwa. Maiti imeshalazwa, maji yanaingia, na mbao za kumfunikia zimepungua. Marehemu Mzee Dadi alikuwa ndani ya kaburi, akapiga kelele apewe mti wowote, upesi. Shamsi akaangaza huku na huku. Akaona ubao wa baba umeegemezwa kwenye kichuguu.

Akaukata vipande vitatu. Kwa mkono wake, kwa msumeno wa baba huohuo. Ndivyo vilivyomfunika mama yake.

Subhanallah! Uko kaburini, Nurudini. Ubao wa mninga ambao baba alipewa na fundi aliyemfundisha kazi Ujiji, ulionyoosha nusu ya kuta za mji huu, uko chini ya udongo na Bi Mwajabu tangu siku ile. Na wewe umeitwa mwizi miaka kumi na mitano.

Nilimuuliza Shamsi, kwa nini hukusema? Baba aliporudi siku ya tatu akaulizia ubao mbele ya watu, wewe Shamsi si ulikuwepo? Alilia kama mtoto. Wengine kwenye mvua ile hawakutambua ni ubao wa nani, ila Mzee Dadi alikuwa amemwonya kwamba mti ule umekatwa bila ridhaa ya mwenyewe, ni haki ya mtu, na mwenyewe akisema siridhii, basi mama yake amelala na deni. Na mwenyewe ni nani? Ni Mzee Saady wa kandambili! Akaogopa. Akanyamaza siku ya kwanza, ya pili ikawa ngumu zaidi, na baba akasimama barazani baada ya alasiri akasema kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu ameuza ubao kwa mafundi vitanda. Jumamosi ukaondoka na begi moja.

Sasa nisikilize mimi. Aliyemwambia baba kwamba umeonekana na viatu vipya ni mimi. Ulikuwa umeshasema ubao uliutoa uende msibani, baba amekaa anafikiri, pengine angekuamini. Mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni baada ya mama kututoka, nikasema, na mbona ana viatu vipya? Vile viatu alikupa Safina, vilikuwa vya mumewe, kwa sababu vyako vilizama matopeni njiani ukimfuata. Shamsi ndiye aliyeniambia. Nawe ulituambia siku ileile, nakumbuka sana, na hakuna aliyekusikiliza. Nisamehe, mdogo wangu. Sina cha kujitetea. Nisamehe.

Nilidhani nimemaliza kushtuka. Bado.

Baada ya arobaini ya mama yake, Shamsi alimwendea baba, akamweleza yote. Anasema baba aliuliza tu vilikuwa vipande vingapi. Vitatu. Akauliza, vilitosha? Vilitosha. Baba akasema, "Basi nimeridhia. Mama yako hana deni kwangu." Halafu akamwambia habari ya Nurudini niachie mimi, usimwambie mtu.

Alijua! Baba alijua, Nurudini. Ulikuwa hujamaliza hata miezi miwili tangu uondoke. Miaka kumi na mitatu mpaka kufa kwake alikula mbele yangu, akaniona nikikusema vibaya kwa wageni, na neno hakulitoa. Kama aliwahi kukupigia, au kukutumia mtu, niambie. Kama hakukuambia, basi leo umeambiwa.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kuna saa namkasirikia, Mungu anisamehe, marehemu hasemwi. Kuna saa namwonea huruma mpaka natamani nimpikie uji. Sasa ndiyo naelewa ule mtindo wa kutoa kila kitu bila kuuliza kitarudi lini. Naelewa kwa nini kila Ijumaa alikuwa anakwenda kusimama kwenye kaburi la Bi Mwajabu. Sisi tulimtania kwamba alikuwa na lake moyoni kwa yule bibi, naye akawa anacheka nasi. Naelewa kwa nini alikataa kata kata chumba chako kisipangishwe, hata mwaka ule tulipokuwa na shida. Aliweza kumwambia mtu nimeridhia, lakini kumwambia mwanawe nimekosa ulimi haukunyanyuka. Na ulimi ule ule ulikuwa mwepesi barazani!

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike.

Siku ile alipokwenda kukiri, Shamsi alikwenda na ubao mpya wa mninga aliochongesha ili alipe. Baba akaufumbia jicho moja, akautazama mpaka mwisho, akasema umenyooka. Lakini hakuupokea. Alisema yeye hadai tena, anayedai ni Nurudini, kwa hiyo Shamsi autunze na akirudi ampe mkononi. Shamsi ameutunza. Amenionyesha: uko darini, umefungwa kwenye kanga mbili za marehemu mama yake, na kila kiangazi anautoa anaupaka mafuta ya mawese usipinde.

Nilimwomba niutumie kwa ukuta tu, nitaurudisha. Akakataa. Nikavua kandambili yangu nikaiweka mlangoni kwake, kama enzi za baba. Akaichukua, akapiga magoti, akanivisha tena mguuni. Akasema, "Dada, ningekuwa na uwezo ningekupa. Ila huu si wangu, na si wako."

Kwa hiyo chumba chako kiko wazi upande mmoja, nimekining'inizia turubai. Fundi anangoja ubao, na ubao unakungoja wewe.

Nisalimie sana wifi Mwanahawa, mwambie mafuta ya mgongo nimemwekea. Mbusu Saady mashavu yote mawili, mwambie shangazi yake ana ndizi za Muyama asizoweza kuzimaliza. Hashimu anakusalimu, Immakulata anakusalimu, na Shamsi, ambaye hakuthubutu kuniagiza salamu mwenyewe, naona naye anakusalimu. Mola akufungulie njia kutoka huko mpaka huku, na akutie moyoni kile ambacho baba alikosa.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekukosea,

Swaumu binti Saady.

N.B. Uje na viatu vyovyote unavyotaka. Vikiwa vipya, safari hii nitakuwa wa kwanza kusema vimekupendeza.